Friji ya Fundi

"Hivi vidonge ulikuwa unavitunza wapi?" daktari aliuliza.

Alikuwa amevimwaga mezani vile vilivyobaki, anavigeuzageuza kwa ncha ya kalamu. Vilikuwa vya kuwekwa ukeni, na vilipaswa kuwa vyeupe na vigumu, kila kimoja na umbo la risasi ndani ya kijumba chake cha plastiki. Sasa vilikuwa vimelala upande kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji, na unga mweupe wa dawa ulikuwa umejitenga na mafuta ukazama chini.

"Kwenye friji," alijibu msusi. "Mlangoni, ndani ya boksi lake, kama mlivyoniagiza."

"Friji yenyewe nzima?"

Msusi nusura acheke, pamoja na macho yake yaliyovimba kwa kulia. "Daktari, mume wangu ni fundi friji."

Daktari hakucheka. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye sauti ya chini, na siku hiyo hakuwa na habari njema ya kumpa mtu. Alisogeza kiti.

"Sikiliza, dada. Mfuko wa uzazi haupokei mimba wakati wowote tu. Kila seli ya ukuta wake imebeba maelekezo yote ya mwili wako, lakini mengi yamezimwa. Homoni ndiyo inayokuja kuyawasha. Ya kwanza, estrojeni, inaunenepesha ukuta. Halafu inakuja projesteroni, ndiyo hii ya kwenye vidonge. Inaingia mpaka ndani kabisa ya seli, inawasha jeni hizi, inazima zile, na ukuta unaanza kutengeneza vitu vya kumshika mtoto. Mlango unafunguka kwa siku chache tu. Projesteroni ikipungua, jeni zile haziwaki sawasawa. Kiinitete, ile mimba changa tuliyoitunga maabara tukakupandikizia, kinabisha hodi, ndani kimya."

"Kwa hiyo mwanangu alibisha akakosa wa kumfungulia."

"Siwezi kuapa hivyo. Wengi hawashiki na sisi wenyewe hatujui kwa nini. Ninachojua, damu yako ilionyesha homoni iko chini, na dawa hii imeyeyuka ikaganda, tena si mara moja."

"Na kile kiinitete kilichobaki?"

"Kipo, kimegandishwa. Ni kimoja, na ndicho cha mwisho." Daktari alikusanya vile vidonge na kuvitupa kwenye ndoo. "Safari ijayo dawa iwe kwenye baridi muda wote. Tukikosea tena, hatuna kingine."

Msusi alishuka ngazi za hospitali akiwa ameshika ukuta. Kuanza matibabu upya wasingeweza, walikwisha kuuza cha kuuzwa. Kichwani alibaki na neno moja tu, kuzima. Na katika nyumba yao mtu wa kuzima alikuwa mmoja.

 

Huyo alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, mjane aliyekaa chumba cha mbele. Mchana alilea watoto wa majirani ambao mama zao walikuwa kazini. Sebule nzima ilikuwa yake: mikeka, vikombe vya plastiki, poti za watoto kujisaidia zilizopangwa ukutani. Alikuwa na ugonjwa mmoja, swichi. Hakuweza kuona inawaka akaiacha. Ungekuwa bafuni una sabuni machoni, giza hilo. Mama za watoto walimpa jina la Mama Zima, naye alilipenda. Baada ya wazazi wao kufariki alimlea mdogo wake kwa kufua nguo za watu, na aliyewahi kununua mafuta ya taa kwa kupimiwa kwenye kichupa hawezi kusahau.

"Wifi," msusi alisema, hata mkoba hajaweka chini, "friji ulikuwa unaizima?"

Mama Zima alikuwa anamfuta pua mtoto mmoja ambaye mama yake alichelewa. "Friji? Sijaigusa. Si ulibandika plasta juu ya swichi yake? Plasta ile pale."

"Plasta hubanduliwa, ikabandikwa."

"Wifi yangu, nazima taa, nazima feni, hata redio ya jirani nikiifikia nitaizima. Lakini dawa yako? Mtoto wa mdogo wangu?"

"Dawa imeyeyuka. Daktari kaiona kwa macho yake. Mchana kutwa nyumbani hapa yuko nani? Mimi niko saluni, mdogo wako yuko karakana. Nani sasa, paka?"

Mama Zima alimgeukia mdogo wake. Fundi alikuwa mezani, ameinamia sahani, anatafuna kitu alichokwisha kukimeza zamani.

"Sema na mkeo, mdogo wangu."

"Mimi sijui," alisema fundi. "Mnajua wenyewe mnaoshinda humu."

Alijua. Wiki ile ile mkewe alipoanza dawa, friji ya bucha ilikufa thamostati, kile kifaa kinachoiambia mashine lini ivute baridi na lini ipumzike, na madukani hakikuwepo. Nyama ilikuwa inaanza kunuka. Fundi alifanya wanachofanya mafundi wengi: alikuja nyumbani mchana, dada yake akiwa uani anawaogesha watoto, akafungua friji yake mwenyewe, akatoa thamostati nzima akaipeleka bucha, na ile mbovu akaifunga kwake ili pasibaki tundu. Mafundi wa namna hii nyumbani kwao ndiko ghalani kwao. Alisema moyoni ni siku mbili tatu tu. Kazi zikamzidi, akasahau. Taa ya ndani iliwaka, mashine ilinguruma asubuhi ikazimika kutwa, na mkewe alipolalamika kwamba maji hayana baridi, alimjibu kuwa mlango unafunguliwa mno.

Alikumbuka pale pale mezani, mkewe alipotamka neno "imeyeyuka". Angeweza kusema. Angetukanwa, angelala kwenye mkeka, yangeisha. Lakini mtaa mzima ulimwita fundi, na neno hilo alilipenda kuliko dada aliyemlea. Mimi mtu wa namna hiyo simwelewi, na wala sijisumbui kumwelewa. Kesho yake mapema, kabla watu hawajaamka, aliigonga thamostati ile mbovu kwa bisibisi mpaka ikashtuka ikashika kidogo, akajiambia hayo yamekwisha.

 

Nusu ya wanawake wa mtaa ule walisukwa na msusi. Waliketi chini kwenye mto, kichwa kati ya magoti yake, na mtu aliyeshikwa kichwa hana pa kwenda. Wa kwanza alikuwa mama wa mapacha.

"Mapacha hawajambo?" msusi alimuuliza huku akigawa nywele kwa kitana.

"Hawajambo, dada. Wako pale kwa wifi yako."

"Mh."

"Mbona mh?"

"Hamna kitu. Inama kidogo."

Mama wa mapacha aliinama. Nywele zilisukwa mstari mzima.

"Hapana, shoga, umeguna. Sema."

"Nilikuwa na dawa yangu ya kushika mimba," alisema msusi taratibu. "Nilimwambia asiguse friji. Nikabandika na plasta. Dawa ikayeyuka, mtoto wangu akapita. Mimi nimenyamaza, ni wifi yangu, nifanyeje? Lakini nikimwona mtu anamwachia wa kwake kutwa nzima, na maziwa, na dawa ya homa..." Akachana fungu jingine la nywele. "Haya, geuka."

Hakumtukana mtu. Alisema hayo hayo kwa mwalimu, kwa karani wa posta, kwa yule binti wa benki aliyekuja kufumua tu. Kila kichwa kilichotoka pale kilitoka kimependeza na kimebeba neno. Na raha aliipata, tusidanganyane. Kwa mara ya kwanza tangu majibu ya hospitali alikula akashiba.

Watoto walianza kupungua pale sebuleni. Mama wa mapacha alikuja asubuhi, si jioni, akaanza kukunja vigodoro bila hata salamu.

"Tunawahamishia kwa bibi yao," alisema, macho yako kwenye vigodoro.

"Bibi yao yupi?" aliuliza Mama Zima. "Mama yako tulimzika mwaka jana. Mimi ndiye niliyepika msibani."

Mama wa mapacha alichukua poti moja, akasahau nyingine, akaondoka karibu anakimbia. Wengine hawakujisumbua hata kutunga uongo. Mama mmoja alimwita mwanawe akiwa amesimama nje ya geti, kana kwamba ndani mna ugonjwa. Mtoto hakutaka kwenda, alishika gauni la Mama Zima akalia, ikabidi Mama Zima mwenyewe amfumbue vidole kimoja kimoja.

Siku sebule ilipobaki tupu, aliosha poti zote, akazipanga moja ndani ya nyingine, akafunga mikeka kwa kamba. Msusi na mumewe walikuwa wamekaa kwenye kochi.

"Nimepata chumba nyuma ya mashine ya kusaga," alisema. Akamtazama mdogo wake. "Nawe huna neno?"

"Dada, mambo yenu ya kike hayo, mimi nitayaingiliaje?"

"Sawa," alisema Mama Zima. "Endelea kula."

Alijitwisha mzigo wake, na alipopita mlangoni mkono ulikwenda wenyewe kwenye swichi. Akawaacha wote wawili gizani.

 

Mwezi ulipofika wa kujiandaa kwa kile cha mwisho, msusi alikuwa amenenepa kidogo na anaimba akisuka. Adui kaondoka, friji ina amani. Dawa mpya alikuwa azichukue Jumatatu.

Jumamosi ya kabla ya hapo aliingia mke wa mwenye bucha, mama mnene, mcheshi, ambaye hakuwa amesukwa muda mrefu. Aliketi kwenye mto akashusha pumzi.

"Dada, mume unaye," alianza. "Mimi nakwambia unaye. Wangu hajui hata kufunga balbu."

"Ana nini wangu?"

"Hakukusimulia? Friji yetu ilipokufa, nyama imejaa, thamostati mji mzima hakuna. Mume wangu analia kama mtoto. Yule bwana akasema, subirini. Akaenda akaitoa ya friji yenu ya nyumbani, akatufungia. Ya nyumbani kwake, dada! Fundi gani atakufanyia hivyo? Mpaka leo ndiyo inayofanya kazi."

Kitana kilisimama.

"Ilikuwa lini?"

"Aa, si ile wiki mvua ilinyesha mfululizo? Ile uliyokuwa unakwenda hospitali kila siku, saluni ikawa imefungwa. Ndiyo maana nilikuja nikakukosa." Mke wa bucha alijaribu kugeuka. "Dada, mbona umeacha kusuka?"

"Inama," alisema msusi.

Alikimaliza kichwa kile. Alikisuka vizuri kuliko vyote alivyosuka mwaka ule, mstari kwa mstari, na muda wote alimsikia wifi yake akisema plasta ile pale. Aibu ilimjia kwanza, na nyuma ya aibu ikaja hasira nyingine, mpya, nayo safari hii ilijua pa kwenda.

 

Angeweza kumngoja mumewe nyumbani wakamalizana kimya kimya. Hakutaka kimya kimya. Alitaka Jumatatu saa ya watu kujaa barabarani.

Jumatatu hiyo, alipotoka hospitali kuchukua dawa, aliita vijana wawili wa mkokoteni wakaibeba friji, wakaifunga kamba. Njia ya mkato ilikuwepo. Akawaambia wapite barabara kubwa, mbele ya karakana ya mumewe, tena polepole, friji isije ikachubuka. Yeye alitembea mbele, amejifunga kanga kiunoni, mkoba begani.

Fundi alikuwa nje, koleo mkononi, wateja wawili wamemsimamia. Aliiona friji yake, kibandiko chake mwenyewe kiko mlangoni, inapita.

"Mke wangu! Friji hiyo inakwenda wapi?"

"Kwa fundi."

Mteja mmoja alicheka, akadhani ni utani wa mke na mume.

"Fundi si mimi?"

"Wewe ni fundi wa bucha," alisema msusi. "Sukumeni, wanangu."

Walisukuma mpaka kwa Spana. Huyu Spana alikuwa na karakana mwisho wa barabara, na fundi kwa miaka alikuwa akimtangaza kwa watu kuwa ni mwizi wa gesi, hajui waya wa moto na waya baridi. Spana aliipokea friji ile kama mtu aliyeletewa bibi harusi. Alifungua, akachungulia, akachomoa kile kifaa, akakiinua juu kila mtu akione.

"Hii imekufa zamani, mama. Inashtuka saa moja, inalala kutwa. Nani kakufungia takataka hii?"

Watu walikwisha kujaa. Fundi naye alikuwa amefuata, amesimama nyuma yao na koleo lake.

"Mume wangu," alisema msusi kwa sauti ya kufika mbali. "Nzima kaipeleka bucha asifiwe. Mbovu kaniletea mimi, dawa yangu ya mimba iko ndani. Mtoto kapita. Nikamsingizia dada yake, nikamwaibisha mtaa mzima, nikamfukuzia riziki yake. Na huyu bwana yuko mezani, anatafuna."

Hakuna aliyecheka sasa. Mama wa mapacha alikuwepo kwenye umati ule, ndoo kichwani, akatazama chini.

"Mke wangu," fundi alisema, "twende tukaongee nyumbani."

"Nyumbani tuliongea. Ukasema hujui."

Fundi alitafuta uso mmoja wa kumtetea, akakosa. Spana, ambaye si mtu mwema hata kidogo, alimwonea huruma, akainama akajifanya anatafuta skrubu. Nadhani huruma hiyo ndiyo iliyomuuma fundi kuliko yote.

Friji ilipofungwa kifaa kipya na kuanza kugandisha, vijana wa mkokoteni waliuliza, "Tuirudishe nyumbani, mama?"

"Hapana. Nyuma ya mashine ya kusaga."

 

Mama Zima hakuinuka kitini. Chumba kilikuwa na vumbi la unga mpaka dirishani, na poti zake zilikuwa kwenye kona, bado zimo moja ndani ya nyingine. Aliiangalia friji ikiingizwa, akamwangalia wifi yake akipiga magoti.

"Wifi, nimekukosea."

"Najua. Hata ulipokuwa unanikosea nilijua."

"Nitakwenda kwa kila niliyemwambia. Nitalifumua neno lile kichwa kwa kichwa."

"Fumua. Wengine watoto wao wamekwisha kuzoea kwingine." Aliinua kidole. "Nakuuliza. Siku ile uliniamini kidogo, hata chembe?"

Msusi alifikiri kudanganya, akashindwa. "Hapana. Nilitaka awepo mtu wa kulaumu, na wewe ulikuwa karibu."

"Angalau wewe unasema." Mama Zima alijifuta mikono, ingawa haikuwa na kitu. "Dawa yako umeichukua?"

"Iko kwenye mkoba, na barafu. Nilitaka kukuomba uniwekee hapa. Kule nyumbani simwamini mtu na swichi wala bisibisi."

"Nitaiweka. Kile cha mwisho ni damu yetu pia. Lakini kukusamehe usinivute mkono, nitaona mwenyewe. Kila jioni utakuja kwa miguu yako, utabisha hodi, utaomba dawa yako, na utasubiri nifungue nikijisikia."

 

Ndivyo ilivyokuwa. Kila jioni msusi alisimama kwenye ule mlango, watu wa foleni ya kusaga wakimtazama, akasema, "Hodi, wifi, naomba dawa." Ndani angesikia kikombe kinaoshwa, kinafutwa, kinawekwa, kinaoshwa tena. Siku nyingine mvua ilimnyea. Hakulalamika hata mara moja. Na kila mlango ulipofunguka, kidonge kilitoka kigumu, cheupe, cha baridi, na umbo lake lile lile. Mama wa mapacha alirudi na vigodoro vyake, akalia sana, Mama Zima akamwambia apunguze kelele watoto wamelala. Mwalimu hakurudi. Karani wa posta naye hakurudi.

Siku ya kupandikiza kile cha mwisho fundi alikwenda hospitali akatia saini panapotakiwa, akakaa mwisho wa benchi. Nyumbani alikunywa maji ya uvuguvugu, yeye ambaye kazi yake ilikuwa baridi za watu. Wateja walimuuliza kama friji yake imepona, wakisaidiwa na kikohozi kuficha kicheko. Siku moja alikwenda kwa dada yake na boksi la vifaa, akasema amekuja kuikagua friji tu. Mama Zima aliongea naye kupitia dirishani.

"Fundi tunaye," alisema, akavuta pazia.

Majibu yalipotoka, daktari alisema imeshika, kisha akarudia, kwa sababu msusi hakuwa amemsikia. Alimwonya: dawa iendelee, ukuta ule bado unahitaji kuambiwa kila siku uishike mimba. Msusi alitoka hapo akipita karakana ya mumewe bila kugeuza shingo, mpaka kwenye ule mlango.

"Hodi, wifi."

Kikombe hakikuoshwa. Mlango ulifunguka mara moja.

"Imeshika," alisema msusi, akaanza kulia pale pale, mbele ya watu wote wa foleni.

Mama Zima aliegemea fremu ya mlango. Midomo ilimcheza, akaifumba. "Mdogo wangu umemwambia?"

"Bado."

"Atasikia. Mtaa huu una midomo, unaujua mwenyewe."

Msusi aliinamisha kichwa. Neno lile lilimpata alipostahili kupatwa.

"Daktari kasema niendelee na dawa," alisema baadaye, sauti ndogo.

Mama Zima aliingia ndani, akarudi na kidonge, akakiweka kwenye kiganja chake na kumfumbisha vidole juu yake, kimoja kimoja.

"Basi kesho wahi, kabla mvua haijaanza," alisema. "Na ukifika, ubishe hodi."

Akafunga mlango. Msusi alibaki amesimama nje na ubaridi ule mkononi. Chini ya mlango aliona taa inazimwa, kama kawaida, na katika giza lile la wifi yake friji ikaendelea kunguruma.